Trekta Linanyanyua Pua: Maswali Yenu Kuhusu Uzito wa Mbele

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina trekta dogo la kama tani moja hivi, nimefunga nyuma mashine ya kupulizia dawa yenye tanki la lita 250, sasa nikishajaza maji na kunyanyua, usukani unakuwa mwepesi mpaka naogopa, na nikipita kwenye tuta matairi ya mbele yanaachia ardhi kabisa. Kinachonishangaza haidroliki inanyanyua bila shida yoyote. Niweke uzito mbele? Kilo ngapi?

JIBU: Nzuri dada. Kwanza naomba usilitembeze tena likiwa limejaa hivyo mpaka umalize hili jambo, kwa sababu trekta likiinuka mbele linaweza kupinduka kinyumenyume haraka kuliko dereva anavyoweza kukanyaga klachi.

Ile haidroliki ndiyo inawadanganya watu wengi. Namba ya kilo unayoiona kwenye kitabu cha trekta ni nguvu ya kunyanyua tu, yaani pampu na silinda, zenyewe hazijui kama pua iko chini au iko hewani. Trekta linaweza kabisa kunyanyua mzigo ambao halina uwezo wa kutembea nao salama.

Lichukulie kama bembea ya watoto, mhimili wake ni ekseli ya nyuma. Kwa hiyo si kilo peke yake, na umbali nao unahesabika, mzigo uleule ukikaa nyuma zaidi unavuta zaidi. Kipimo kinachotumika kwenye vitabu vingi vya matrekta ni hiki: zana ikiwa imenyanyuliwa, ekseli ya mbele ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. La kwako la kilo 1,000 lisishuke chini ya kilo 200 mbele.

Sasa tupige hesabu, nitachukua vipimo vya mfano wewe utaweka vya kwako. Maji lita 250 ni kilo 250, tanki na pampu na mabomba yake tuseme 100, jumla 350. Chukua tepu pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma mpaka katikati ya tanki, tuseme mita 1.3, halafu kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele mita 1.5. Zidisha 350 kwa 1.3 unapata 455, gawa kwa 1.5 unapata kama 303. Hizo ndizo kilo ambazo mzigo wako unaziondoa kwenye matairi ya mbele! Kama mbele kulikuwa na kilo 420 trekta likiwa tupu, zimebaki 117, na tulisema zisipungue 200, kwa hiyo upungufu ni 83.

Ila si lazima ufunge kilo 83. Vyuma vikikaa nusu mita mbele ya ekseli ya mbele, vyenyewe viko mita 2 kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo 83 mara 1.5 gawa kwa 2, inakuja kama 62. Vyuma vitatu vya kilo 22 vinatosha, lakini hiyo ni ya trekta limesimama sehemu tambarare, na wewe una matuta na maji yanayocheza ndani ya tanki, kwa hiyo mimi ningeongeza kimoja kama mabano yanaruhusu. Na kama una mizani ya magari karibu, achana na hesabu zote hizi, panda na matairi ya mbele tu huku tanki limejaa na limenyanyuliwa, ya nyuma yabaki chini usawa uleule, usome.

Kitu kimoja watu wanakisahau, vyuma vya mbele haviifanyi ekseli ya nyuma iwe na nguvu zaidi. Kwenye mfano wetu nyuma bado kuna zaidi ya kilo 1,200. Angalia kitabu kinaruhusu ngapi kwa ekseli na kwa tairi, upepo nao uwe sawa. Ikizidi, punguza maji basi, jaza nusu urudi mara mbili.

SWALI: Mimi nimejaza maji matairi ya nyuma ili trekta liwe zito lisinyanyuke. Inatosha?

JIBU: Hapana ndugu yangu, kwa hilo haisaidii. Uzito wa matairi ya nyuma uko palepale kwenye mhimili, hauishushi pua hata kidogo. Faida yake ni kushika ardhi na kutulia kwenye mteremko wa ubavu. Maji kwenye matairi ya mbele yanasaidia kiasi.

SWALI: Nina loda mbele, nikijaza mchanga kwenye ndoo yake si ni uzito tosha?

JIBU: Ni uzito kweli, na uko mbali mbele kwa hiyo unafanya kazi vizuri, ila ndoo itembee chini chini. Shida inakuja ukishafungua mzigo wa nyuma ukauacha ule mchanga. Hapo ekseli ya mbele inabebeshwa kupita kiasi na matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na matrekta madogo mengi breki ziko nyuma tu, sasa utasimamaje kwenye mteremko? Mzigo wa nyuma ukitoka, mchanga nao utoke. Hata vyuma, vitoe kama huvihitaji, vinachosha beringi bure.

SWALI: Naweza kumwaga zege mwenyewe badala ya kununua vyuma?

JIBU: Unaweza. Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4, kwa hiyo kilo 66 ni kama lita 27 na nusu, kibonge kikubwa kiasi ukilinganisha na chuma. Kifungwe kwa bolti kwenye mabano ya chesisi, si kwenye grili, na kisining'inie kwa mnyororo kikawa kinabembea.

SWALI: Kwenye kilima je?

JIBU: Upande mzito uwe juu ya mlima siku zote. Mzigo ukiwa nyuma, panda kwa rivasi, shuka ukitazama mbele, zana iwe chini kadiri inavyowezekana bila kugusa ardhi, na weka gia ya magurudumu manne ili ya mbele nayo yasaidie kuzuia. Kama trekta lina fremu ya kukinga dereva, isimamishe na ufunge mkanda. Kama halina fremu, usifunge mkanda, na kwa kweli kilima hicho na mzigo huo nisingekushauri uende kabisa.