Kabla Hujameza Panadol Nyingine, Tazama Taa

Dada mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, ameniandikia wiki hii. Kila ikifika alasiri ofisini, kichwa kinamgonga na macho yanamwasha, na mkubwa wake anamwambia aache kukesha kwenye simu. Nimeusoma ujumbe wake nikakasirika upya, maana maneno hayohayo niliwahi kutupiwa mimi.

Nilikuwa karani wa hesabu kwenye karakana fulani Industrial Area. Ofisi haikuwa na dirisha. Tulikaa chini ya tyubu ndefu za zamani, zile za choki (kile kifaa kinachodhibiti stima ya taa) na stata (kinachosaidia kuiwasha), ambazo ukiwasha zinapepesapepesa kwanza kabla ya kukubali. Iliyokuwa juu ya meza yangu ilikuwa imeungua nyeusi ncha zote mbili, na ilitetemeka kutwa. Asubuhi niko sawa, ila baada ya chakula cha mchana tarakimu zinaanza kucheza. Nilipoomba nihamie karibu na mlango, mkubwa akasema mbele ya wenzangu kwamba wasomi wa siku hizi ugonjwa wao ni kazi. Wakacheka. Mpaka leo najua nani alicheka kwa sauti zaidi.

Daktari wa macho alinipima akakuta macho mazima, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: huko kazini mnatumia taa gani?

Stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu ya choki hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Huwezi kuiona, unaona mwanga tu umetulia. Lakini retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaupokea mtetemo huo na kuupeleka kwenye ubongo, na macho yanaporuka kutoka neno hadi neno yanasumbuliwa bila mwenyewe kujua. Mwaka 1989 mtafiti Arnold Wilkins na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisi Uingereza. Walibadilishiwa taa bila kujua zipi ni zipi, na chini ya zile za choki ya kielektroniki, ambazo mtetemo wake ni wa kasi mno, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo sikuwa mvivu. Naomba wale waliocheka wasome hapo mara mbili.

Utafiti huo sikumwonyesha mkubwa, asingesoma. Nilichukua biro nyeupe nikaipunga haraka chini ya tyubu: badala ya ukungu mmoja, unaona biro nyingi zimepangana kama meno ya kitana. Ukiipunga nje kwenye jua, hazipo. Halafu nikamwambia kwamba chini ya taa kama hiyo mashine inayozunguka inaweza kuonekana imesimama, na fundi akanyosha mkono. Hapo akanyamaza. Vidole vya fundi vina fidia, kichwa cha karani hakina.

Ya katikati siyasimulii, ni ankara na mafundi wa stima wasiofika. Taa zilibadilishwa, kichwa kikapona, na mkubwa hakuwahi kusema pole. Wageni wakija anawaonyesha taa na kuwaambia ni wazo lake.

Sasa nyinyi mnaonunua balbu kwenye maduka ya Luthuli jijini kwa kuangalia bei tu, nisikilizeni. LED si salama kwa sababu tu ni LED. Za bei ya chini sana zinaweza kupepesa kuliko tyubu. Mwambie muuzaji aiwashe, uirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole. Ikiwaka na kuzima kwenye video, mrudishie. Simu nyingi zenye kioo cha OLED, kile ambacho kila nukta hutoa mwanga wake, nazo, ukipunguza mwanga sana, huupunguza kwa kuwaka na kuzima haraka. Usisomee gizani.

Tena kuna matatu zetu zenye taa za disko. Wengi wenye kifafa hawadhuriwi na mwanga, lakini kwa wachache wanaodhurika, mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde inaweza kuleta degedege. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, mimweko ya nyekundu na buluu katika kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kwenye televisheni ilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitalini. Kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope. Geuza uso, ziba jicho moja kwa kiganja, na kama ni mtoto wako, subiri gari lingine hata kama mnachelewa. Wazazi, nauli ya shilingi chache isiwapofushe!

Dada yangu wa Pipeline, kwanza hakikisha umeona daktari, hasa kama kichwa kinakuja na kutapika au kuona giza. Kisha fanya jaribio la biro, mbele ya yule mwenye kushika pesa za ofisi. Na kama hapo kazini kuna mashine inayozunguka, anza na hiyo.