Bastola Kiunoni, Toroli Mkononi

Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, niliingia supamaketi kutafuta mchele nikatoka bila mchele, nimesindikizwa na polisi watatu hadi kwenye gari langu. Sikuwa nimevunja sheria yoyote. Nalieleza hili kwa sababu Waswahili wenzangu wanaohamia huku Ohio, Marekani, hawaachi kuniuliza: "Kaka, ni kweli mtu anaruhusiwa kuingia dukani na bastola kiunoni?" Ndiyo, ni kweli. Ila jibu hilo peke yake litakuponza, kama lilivyotaka kuniponza mimi.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikokulia, bunduki uliiona benki, kwa mlinzi anayesinzia kwenye kiti cha plastiki, au kwa askari. Raia mwenye bastola alikuwa mfanyabiashara mwenye fedha zake, tena aliificha chini ya shati, na aliyeitoa baa kuwaonyesha wenzake alisemwa mtaa mzima kwamba hana akili. Hapa mambo ni mengine. Ohio haidai kibali chochote kwa anayebeba bastola waziwazi, na tangu tarehe 13 Juni 2022 mtu mwenye miaka 21 na kuendelea, asiyezuiwa na sheria kumiliki silaha, anaweza hata kuificha chini ya koti bila kibali.

Ya kwangu niliinunua baada ya kuporwa. Nilikuwa nauza usiku kwenye kituo cha mafuta, kijana akaninyooshea mtutu kwa ajili ya dola 80 na pakiti za sigara. Sitaki ubishi na asiyewahi kutazama tundu la mtutu kwa karibu. Nilikuwa tayari nina uraia, nikajaza fomu, nikakaguliwa, nikaenda mafunzo ya wikiendi mbili. Nilijifunza kulenga. Hakuna aliyenifundisha kununua mchele nikiwa na kitu kile kiunoni.

Siku hiyo mke wangu alinitazama mlangoni akaniuliza, "Unakwenda dukani au vitani?" Nikacheka. Shati nimechomekea, ala ya ngozi iko nyonga ya kulia, kila mtu anaiona. Niliwaona wazungu wengi wakitembea hivyo hivyo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na hakuna aliyewageukia, kwa hiyo niliamini sheria ni ya wote. Sheria ni ya wote kweli. Macho ya watu ndiyo hayako hivyo.

Nikiwa kwenye safu ya mchele, dada yangu akapiga simu kutoka Tanga. Mnajua sisi na simu za mbali: kadiri mtu alivyo mbali ndivyo tunavyopaza sauti. Alikuwa ananieleza ugomvi wa kiwanja cha marehemu baba, nami nimekasirika, narusha mkono, naongea Kiswahili cha kufoka. Kumbe mwanamke mmoja mwisho wa safu amekwisha piga 911, namba ya dharura ya kuita polisi. Baadaye afande mmoja aliniambia alichosema yule mama: kuna mwanamume mweusi ana bunduki, anapiga kelele kwa lugha ya kigeni, anaonekana amepandwa na hasira. Hebu msome tena maneno hayo. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake.

Polisi hawakuja kuniona mimi, baba wa watoto watatu anayetafuta basmati. Walikuja kumwona mtu wa kwenye simu ile. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kuliko yote: kabla askari hajakukuta amekwisha kupewa picha yako, na aliyeichora ni mtu aliyeogopa.

Si mbali na kwetu, Beavercreek, karibu na Dayton, tarehe 5 Agosti 2014, kijana mweusi wa miaka 22, John Crawford III, aliokota bunduki ya upepo kwenye rafu ya duka la Walmart. Bidhaa ya dukani, haina risasi za moto. Alikuwa akitembea nayo huku anaongea na simu. Mteja akapiga 911 akasema kuna mtu anawaelekezea watu bunduki. Polisi walifika wakampiga risasi, akafa. Mteja mwingine, mwanamke wa miaka 37, alianguka akafa kwa moyo katika ile taharuki ya kukimbia. Baraza la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe likaona askari hana mashtaka ya kujibu. Haya yalitokea katika jimbo ambalo hata kama bunduki ile ingekuwa ya kweli, kuibeba peke yake si kosa. Habari hii niliijua kabla ya Jumamosi ile. Niliijua kama tunavyojua habari za ajali za mabasi: za wengine.

"Bwana, mikono yako iache hapo hapo juu ya toroli."

Sauti ilitoka nyuma. Simu ikanidondoka, dada bado yumo anaendelea kulalamika. Wawili walikuwa nyuma yangu, mmoja mbele kwenye mafuta ya kupikia. Mikono nikaiweka juu ya toroli. Mpaka hapo nilifanya vizuri. Kisha mmoja akaniuliza kama nina kitambulisho, nami, kwa adabu tuliyolelewa nayo ya kuharakisha mkubwa akikuagiza, mkono wa kulia ukaondoka wenyewe kwenda mfuko wa nyuma. Pochi yangu ilikuwa hapo, vidole vinne tu kutoka kwenye bastola. Nilisikia "Usisogee!" mara tatu kwa sauti tatu, na nikaona mkono wa yule wa mbele umeshika bastola yake. Sikusogea. Hata kope.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si wa kisheria, ni wa mifuko. Pochi na bastola visikae upande mmoja wa mwili. Mimi sasa naweka kitambulisho mfuko wa mbele wa kushoto, na nikiwa garini nakiweka kwenye dashibodi kabla sijawasha injini. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, alikufa New York tarehe 4 Februari 1999 kwa risasi 19 kati ya 41 zilizofyatuliwa na polisi wanne, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa pochi. Philando Castile, Minnesota, tarehe 6 Julai 2016, alikuwa na kibali cha kubeba silaha na alimwambia askari kwa upole kwamba ana bastola. Akapigwa risasi akiwa kwenye kiti cha dereva, akisema haigusi. Askari yule aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Mtu akikuambia "wewe sema tu una silaha, watakuelewa", mkumbushe Castile.

Je, ni lazima useme? Ohio zamani mwenye kibali alipaswa kumjulisha askari mara tu anaposimamishwa. Tangu lile badiliko la Juni 2022, unapaswa kusema kweli askari akikuuliza. Majimbo mengine yana utaratibu wao, na ukivuka mpaka kwenda Michigan au Pennsylvania usidhani sheria imevuka nawe. Mimi, kwa maoni yangu, barabarani husema mapema, mikono yote miwili iko juu ya usukani, na nasema kwa mpangilio huu: kwanza kwamba mikono yangu haitasogea, halafu kwamba kuna silaha na iko wapi, halafu naomba nielekezwe la kufanya. Neno "bunduki" lisiwe la kwanza kutoka kinywani. Na lafudhi zetu hizi, ongea taratibu. Jamaa yangu mmoja, Mkongomani wa Lubumbashi, anapobanwa Kiingereza kinamkimbia anabaki na Kifaransa. Yeye amejizoeza sentensi mbili tu za kumwambia polisi, anazirudia kama sala.

Turudi kwenye mchele. Walinitoa bastola wao wenyewe, wakaniuliza jina, wakapeleka namba zake kwenye mitambo yao. Dakika 20 nimesimama mikono kichwani, watu wananipiga picha. Ilipoonekana niko safi, wakanirudishia nje, imetolewa risasi, wakaniambia nisiijaze mpaka nimeondoka. Meneja naye akasema niende na nisirudi na silaha. Nilitaka kubisha, ulimi ulikuwa tayari umefika kwenye meno. Namshukuru Mungu niliumeza ubishi ule.

Maana duka ni mali ya mtu. Ohio, mwenye duka akibandika tangazo mlangoni la kukataza silaha nawe ukaingia nayo kwa makusudi, hilo ni kosa la jinai, dogo, lakini linaweza kukuweka ndani hadi siku 30. Hata pasipo na tangazo, ukiambiwa toka ukakaa umekuwa mvamizi. Kampuni nyingine hazikatazi, zinaomba: Septemba 2019, mwezi mmoja baada ya mauaji ya kwenye Walmart ya El Paso kule Texas, Walmart iliwaomba wateja wasiingie na silaha za kuonekana, na Kroger, kampuni ya supamaketi yenye makao yake Cincinnati hapa Ohio, wakaomba hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Soma mlango kabla ya kuusukuma. Tangazo huwa limebanwa katikati ya saa za kufungua na picha ya mbwa aliyepotea.

Sasa kuna watu, hasa vijana wa kutazama video, watauliza kwa nini sikuwaambia polisi kwamba hawana haki ya kunizuia. Hoja yao ina mguu. Mwaka 2010, Toledo, hapa hapa Ohio, bwana mmoja alikuwa akitembea na familia yake na mbwa, bastola kiunoni. Mpita njia akapiga 911, askari akamnyang'anya na kumtia pingu. Alishtaki, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema wazi: pale sheria inaporuhusu kubeba waziwazi, kubeba tu si sababu ya kumshuku mtu. Hukumu nzuri sana. Ila hesabuni miaka: 2010 hadi 2015. Haki yake aliipata kwa wakili, mezani, miaka mitano baadaye. Hakuipata pale barabarani. Na kwangu mimi simu ilitaja kelele na hasira, kwa hiyo askari walikuwa na sababu ya kunishuku zaidi ya kubeba bastola tu.

Kwa hiyo pale dukani sema machache. Jina lako la kweli, maana kudanganya ni kosa jingine. Unaweza kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Je, niko huru kuondoka?" Wakikataa, kaa. Wakitaka kupekua gari, unaweza kusema hukubali, kwa mdomo, bila kuzuia kwa mwili. Namba za beji, saa, kamera zilizokuwapo, hayo yaandike ukifika nyumbani, yampelekee wakili. Na usiiguse bastola kumwonyesha askari ilipo, hata kwa kidole. Elekeza kwa maneno.

Yote haya nimewaambia raia. Msio raia, hapa ndipo pagumu.

Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki bastola. Lakini akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, hata kosa ambalo mzawa angelipia faini akaenda zake, sheria ya uhamiaji inamfanya mtu wa kuondolewa nchini. Mwenye visa ya masomo, ya matembezi au ya kazi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika. Kuna mwanya wa leseni ya uwindaji, ila usiutumie kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Aliyekaa bila karatasi haruhusiwi kabisa, na kifungo chake katika sheria ya shirikisho kinafika miaka 15. Bangi nayo: Ohio imeihalalisha kwa watu wazima tangu Desemba 2023, lakini fomu ya kununulia silaha inakuuliza kuihusu, na inakuonya kwamba kwa sheria ya shirikisho bado ni marufuku. Wengi wanatia saini pale bila kusoma.

Mimi bastola sikuiuza. Iko kwenye sanduku la chuma chumbani, na nikienda nayo mahali, mara chache, iko chini ya koti. Dukani siendi nayo. Wapo watakaosema nimeogopa, na kweli nimeogopa.

Juzi nilikuwa kwenye duka jingine, nikamwona kijana mrefu, shati limechomekwa, ala nyonga ya kulia, anaongea na simu Kiswahili cha Mwanza kwa sauti ya juu. Nikamsogelea kwa mbele, anione. Akakata simu, akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamjibu, nikamuuliza bastola ni yake. Akasema ameazimwa na rafiki wanayekaa pamoja, raia, kwa sababu mtaa wao una wezi. Nikamuuliza yuko hapa kwa karatasi gani.

"Mwanafunzi, mzee. Mwaka wa pili."

Nikamwomba tuiache mikono yetu yote minne juu ya toroli lake, tusubiri kidogo, huku nampigia simu wakili wangu kumuuliza bastola ile ifike vipi kwa mwenyewe bila kijana huyu kuigusa tena. Na yule rafiki aliyemwazima, akijua hali yake, naye yumo kwenye kosa. Kijana alikuwa ananitazama kama mtu aliyeambiwa maziwa aliyokunywa yalikuwa na mjusi. Wakili alipokea mlio wa nne.