Karabina ya .45 kwa mbawala

Ndugu wa Lubumbashi, umeuliza kama karabina (bunduki fupi) ya .45 ACP, aina ya risasi ya bastola, yenye mtutu wa inchi 16, itaangusha mbawala kwa mita 100 kwa kuwa mtutu mrefu unaongeza nguvu. Kwa .45 unaongeza kidogo tu. Kichwa cha risasi cha gramu 15 hutoka kwenye bastola kwa kama mita 255 kwa sekunde. Baruti yake ni chache na huungua mapema, kwa hiyo karabina huongeza labda mita 20 au 30 kwa sekunde. Kwa .357 Magnum, aina nyingine ya risasi ya bastola, ni habari nyingine: baruti ni nyingi, na hapo mtutu mrefu unalipa kweli.

Ukirekebisha shabaha ya bunduki ipige sawasawa kwa mita 50, kwa mita 100 utapiga karibu sentimita 30 chini. Mnyama atavunjika mguu, akafie porini kwa mateso. Tafadhali usifanye hivyo. Tafuta bunduki halisi ya kuwindia, yenye kibali.

Na ukipiga ukasikia mlio hafifu kuliko kawaida, usipige tena! Toa magazini (kisanduku cha risasi), fungua chemba (sehemu inapokaa risasi), pitisha fimbo ya kusafishia mtutuni: kichwa kikiwa kimekwama ndani, risasi ya pili inaweza kupasua mtutu.