Miji mitano kwa siku nne, na mama mkwe yuko njiani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya. Mwezi wa sita tunatimiza miaka sita ya ndoa na hatujawahi kutoka hata siku moja, mimi na mume wangu. Nimepanga likizo ya siku nne kwa laki sita. Tuanze na Kimondo cha Mbozi, twende Matema tukaone ziwa, turudi tupite Kitulo tupige picha kwenye maua, halafu Njombe, tumalizie Iringa. Laki mbili na arobaini za kulala, laki na nusu nauli, laki na ishirini nguo na nywele, elfu tisini chakula. Watoto watabaki na dada wa kazi. Shida ni mume wangu, ni bahili. Pesa ipo, ameuza viazi, lakini anasema twende Iringa tu, tena eti tulale kwa mama yake Makambako na watoto tuwaache huko. Mama mkwe hanipendi. Mara ya mwisho alimchukua mwanangu mdogo akamfunga kitenge chake bila hata kuniuliza. Rafiki yangu mumewe alimpeleka Zanzibar wakapiga picha nzuri sana. Nimechoka. Nifanyeje na mwanaume wa hivi?*
*Mama Wawili, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Miaka sita ya kuamka alfajiri, kuosha, kupika na kulea bila kubadilisha hata hewa ni mingi, na kutaka kutoka na mumeo ni haki yako. Hilo nimelisikia. Sasa sogeza kigoda ukae, maana mengine hutayapenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Mara ya tatu nikamtafuta huyo bahili ndani yake, nikamkosa.

Tuanze na njia. Wewe ni mtu wa Uyole, hapo hapo barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka ile ya Dar es Salaam, na ndiyo maana umenishangaza. Kimondo kiko Ndolezi, Mbozi, magharibi, njia ya kwenda Tunduma. Matema iko kusini, unashuka Tukuyu, unafika Kyela, ndipo unaitafuta Nyasa. Iringa iko upande mwingine kabisa, zaidi ya kilomita 300 kwenda mashariki. Njombe nayo unaiacha barabara kuu Makambako unakata kulia. Maana yake utatoka Mbeya, utarudi Mbeya, utatoka tena, utarudi tena, halafu ndiyo uanze safari ndefu. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji kina kibao cha 50. Weka mizani, weka abiria wa kushuka Igurusi, Chimala na Igawa, weka malori ya Tunduma yanayopanda mlima kama yanaumwa. Siku zako nne zitaishia kwenye kiti, magoti yamebanwa, mkononi karanga na yai la kuchemsha. Mwalimu alisema kupanga ni kuchagua. Wewe hukuchagua, umekusanya.

Tena Kitulo mwezi wa sita! Nani alikwambia? Maua ya Kitulo yanafuata mvua, yanachanua kati ya Desemba na Aprili. Juni utakuta majani, ukungu na baridi ya kukata masikio. Mahali ni pazuri hata hivyo, lakini picha unayoitaka haipo mwezi huo. Kama mumeo alikwambia hivyo ukaona anakubania, mwombe radhi.

Twende kwenye pesa. Nimejumlisha mafungu yako manne: laki mbili na arobaini, laki na nusu, laki na ishirini, elfu tisini. Jibu ni laki sita kamili, haibaki hata mia. Hakuna kiingilio cha mahali popote. Hakuna bajaji wala daladala za ndani ya miji. Hakuna dawa mtoto akipata homa usiku, hakuna nauli ya kurudi haraka dada wa kazi akipiga simu, hakuna hata kilo moja ya sukari ya kumpelekea mtu. Lakini nguo na nywele zimepewa laki na ishirini, zaidi ya chakula cha watu wawili kwa siku nne! Mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kukuelewa.

Na hizo pesa umeandika "ipo, ameuza viazi". Ameuza yeye. Mkulima akiuza viazi, pesa hiyo kabla haijafika mfukoni imeshaitwa na mbolea, mbegu na ada. Mwanaume aliyeuza gunia zake, akamsikiliza mkewe, akakubali kusafiri, akataja na mji wa kwenda, huyo hajakataa. Amekubali, ila hakukubali kwa namna uliyoiota. Bahili namjua mimi. Bahili angekwambia ngoja mwakani.

Sasa rudi usome tena sentensi yako mwenyewe: tulale kwa mama Makambako na watoto tuwaache huko. Umeiandika kama shtaka. Mimi nimesoma kitu kingine kabisa. Mume wako anataka kuwa na wewe peke yako. Amefikiria watoto watakuwa wapi, jambo ambalo wewe umelimaliza kwa maneno sita. Dada wa kazi, siku nne, watoto wawili, baridi ya Juni, na nyie wazazi mko Matema. Ungelala kweli? Ungekuwa kwenye simu kila saa. Yeye amewatafutia bibi yao, nyumba ya damu yao, na nyumba hiyo iko njiani, karibu katikati ya Mbeya na Iringa. Hakuna gesti inayokupa hayo kwa bei yoyote.

Huyu mama mkwe asiyekupenda nimemfikiria sana. Umetoa ushahidi mmoja tu, kwamba alimfunga mtoto kitenge chake bila kuuliza. Makambako! Umewahi kusimama stendi ya Makambako saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita au wa saba? Upepo wa pale unaingia hadi kwenye mifupa. Mama mzima anavua kitenge chake, anabaki na sweta, anamfunga mjukuu, na wewe unahesabu kwamba amekudharau. Kama ulimpeleka mtoto bila kofia wala soksi, basi alikusitiri mbele za watu.

Kwetu Unyakyusa zamani mkwe wa kuogopwa alikuwa baba mkwe. Mkamwana hakuruhusiwa hata kumtazama, akimwona njiani anaingia migombani ajifiche. Ulikuwa mwiko mkubwa na wazee wetu waliushika. Lakini mama mkwe alikuwa mwalimu wako, ulipika naye, ulilima naye. Siku hizi tumegeuza, tunamwogopa yule aliye tayari kutubebea mtoto. Na huyo wako naona ni Mbena. Unamsalimia kwa lugha yake? Neno kamwene halina gharama, na wazee wa Njombe wakilisikia kutoka kwa mkwe wa kabila jingine nyuso zinafunguka.

Niseme na hili la Zanzibar, maana ndilo lililokuandikisha barua. Ndoa za sasa zinaniumiza moyo. Watu wanachangisha mamilioni ya sendofu na kitchen pati, wanaanza maisha na deni la kikoba, halafu kila mwaka wanataka kuwathibitishia watu kwamba wanapendana. Kwenye barua yako picha zimetajwa mara mbili. Sijaona mahali ulipoandika kwamba mume wako anapenda nini, anachoka na nini, au mtaongea nini mkiwa wawili. Huyo rafiki yako hakukuonyesha walivyonuniana kwenye boti. Sisemi walinuniana, nasema hujui. Umeona picha tu, na kwa picha hiyo umempima baba wa watoto wako ukamwona pungufu. Dhambi ya kumlinganisha mume na mume wa mtu inakula nyumba polepole kama mchwa, na mwenye nyumba hushtuka paa likishalala.

Mimi na marehemu mzee wangu tulisafiri kwa raha mara moja tu. Tulipanda treni ya TAZARA hapa Mbeya tukashuka Makambako, kwa sababu reli haifiki Iringa, pale inaiacha barabara na kushuka Mlimba. Tukamalizia kwa basi. Tulilala Iringa usiku mmoja, chumba kidogo, tukala ugali na kuku wa kienyeji. Hatuna picha hata moja. Lakini ndani ya treni ile aliniambia habari za utoto wake ambazo sikuwahi kuzisikia, za njaa waliyopita na dada yake aliyekufa, na tangu siku ile nikaacha kumkasirikia akikagua debe la unga. Nilijua anachokiogopa. Mpaka leo nikisikia honi ya treni Iyunga namkumbuka akiwa amekaa dirishani na koti lake la kaki.

Basi fanya hivi. Shika Iringa peke yake. Ondokeni Alhamisi asubuhi mapema, wote wanne, lala Makambako. Usikae sebuleni kama mgeni, ingia jikoni. Ijumaa asubuhi waacheni watoto, pandeni gari la kwenda Iringa kupitia Mafinga. Kaa dirishani uone misitu ya misonobari ya Sao Hill, mnaweza kushikana mikono bila mtoto kuuliza "bado hatujafika?" Mkipanda basi linaloendelea Dar, semeni mapema mnashukia Iringa, na nauli ya Iringa muilipe dirisha la tiketi mpewe tiketi yenu, msimpe mpiga debe. Basi litawaacha chini kwenye barabara kuu, Ipogolo au stendi ya Igumbilo. Mji wenyewe uko juu kilimani, kuna daladala na bajaji za kuwapandisha, hakuna haja ya teksi.

Chumba kitafute kwa simu kabla hujatoka, na swali la kwanza liwe maji ya moto. Juni Iringa huogi maji ya bomba ukabaki na tabasamu. Usichukue kilicho ubavuni mwa stendi, honi za alfajiri zitakuamsha. Kwa bei uliyopanga mwenyewe, elfu sitini kwa usiku, mtalipia siku mbili tu, laki na ishirini. Umeokoa laki na ishirini nyingine, na hiyo ndiyo dharura yako, viingilio vyako na zawadi za watoto.

Jioni ya Ijumaa pandeni jiwe la Gangilonga. Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na ukiwa juu yake mji wote uko miguuni. Nendeni jua likiwa bado lipo, mshuke kabla ya giza. Picha yako nzuri ipo pale, tena bila nguo ya laki. Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali, nendeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara hii hii mtakayotokea. Utaona nguzo za udongo zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za watu walioishi zamani mno. Kama mumeo anapenda historia, badala yake nendeni Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwulize yeye. Hilo ni agizo langu, mwulize, na akijibu lifuateni jibu lake. Msibebe vyote viwili kwa asubuhi moja. Mchana kaeni mgahawa wa Neema Crafts, wanaohudumia wengi ni viziwi, mtaagiza kwa ishara na mtacheka pamoja, kisha pitieni sokoni mnunue kikapu kimoja cha Iringa. Jumapili mnarudi Makambako kuchukua watoto, jioni mko Uyole.

Matema nenda siku nyingine, Ijumaa mpaka Jumapili, na watoto wakaoge ziwani. Kitulo nenda mwezi wa pili. Havikimbii.

Kwa huyo baba, kama ataiona safu hii, nina neno moja. Mwanangu, miaka sita ni mingi, na mkeo hakusoma moyo wako kwa sababu ulimpa uamuzi bila maelezo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba unataka kukaa naye mkiwa wawili. Wanawake hatuchoki kulisikia hilo.

Na wewe, Mama Wawili, nguo za laki na ishirini zipunguze zibaki elfu thelathini, nywele suka hapo hapo Uyole kwa jirani. Wanunulie watoto soksi nzito na kofia. Halafu usisubiri mumeo akupigie, mpigie mama mkwe wewe mwenyewe kabla ya Jumapili hii, mwambie mnakuja, mwulize anataka nini kutoka Mbeya. Atasema hataki kitu. Mpelekee mchele wa Kyela kilo tano.