Ndege ya kujiundia Dodoma: kabla hujairusha hiyo "iliyobaki vitu vidogo"

Mkuu, heshima yako. Umeuliza kama ndege yako ya bati, ambayo unasema imebaki vitu vidogo vidogo tu, unaweza kuijaribu Novemba hapa Dodoma, mchana ukitoka kazini. Mimi na wenzangu tulimalizia yetu karakana ya Kizota na inaruka. Mchana wa Novemba, hapana. Asubuhi jua likichomoza, sawa, ila hivyo vidogo viwe vimekwisha kweli.

Uwanja wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana joto likigonga nyuzi 31, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,000 hivi. Injini isiyo na tabo hapo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na pangaboi nalo linavuta kidogo. Kipima mwendo hakikuambii hayo: namba ya kunyanyukia ni ileile ya Dar, lakini chini magurudumu yanakimbia zaidi na lami inaliwa. Urefu wa uwanja haunitishi. Kinachonitisha ni ndege inayogoma kupanda wakati mbele yako ni mapaa ya watu. Ongeza chamchela za kiangazi, zile zinazonyanyua vumbi na mifuko hadi juu. Ndege ya kilo mia chache haina ubavu nazo.

Sasa mafuta, na hapa usilipue kazi. Injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 100 ikipewa moto wote hunywa kama lita 27 kwa saa. Kwa mfumo wa pampu, bomba litoe angalau robo zaidi ya hapo. Sisi tulichimba shimo la gurudumu la nyuma hadi pua ikainuka kama inapanda, tukachomoa bomba kwenye kabureta, tukawasha pampu na kukinga kwenye chupa yenye alama huku mmoja ameshika saa. Ikishuka chini ya nusu lita na ushee kwa dakika, usiiwashe, tafuta kinachobana. Rudia tenki likiwa karibu tupu, maana hapo ndipo hewa huingia.

Kupima uzito ni baada ya rangi, si kabla. Rangi ina kilo zake, na ya mkiani huvuta kitovu cha uzito nyuma, upande mbaya kabisa. Weka mizani chini ya kila gurudumu, isawazishe ndege kwa pima maji, piga hesabu, kisha mtu mwingine aipige upya bila kuona yako.

TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, waone mapema, mabawa yakiwa bado wazi. Mkaguzi hawezi kuona ribiti za ndani ukishafunga bati.

Siku yenyewe nenda peke yako. Hata fundi aliyekesha nayo abaki chini. Kama hujagusa usukani miezi mingi, mpe rubani mzoefu wa aina hiyo. Kuiunda hakujakunoa mikono. Panda juu ya uwanja, uzunguke hapohapo, usiende kuonyesha watu Msalato. Ukitua fungua boneti injini ikiwa moto, pitisha tochi kila kiungo cha bomba.

Ukishapima, tupia hapa namba za mizani za magurudumu yote matatu pamoja na umbali wa kila gurudumu kutoka alama moja uliyopimia, nizipitie.