Ombi ni la taasisi, si lako: kwa mnaoanza kuomba fedha za utafiti hapa Mwanza

Kila mwaka Februari na Oktoba zikikaribia, miezi ambayo maombi kwa NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani) hufungwa, mambo ni yale yale kuanzia kilima cha Bugando hadi Isamilo. Mtafiti kijana anaingia ofisi ya utafiti, kompyuta kwapani, macho mekundu kwa kukesha. Andiko lake limeshasomwa na watu watatu na ukurasa wa malengo mahsusi umenyooka. Anauliza, "Dada, UEI yetu ni ipi?" UEI ni namba ya kuitambulisha taasisi kwa serikali ya Marekani, na bila hiyo ombi haliendi. Siku zimebaki sita.

Inauma, maana sayansi yenyewe mara nyingi ni nzuri. Kiharusi kwa watoto wenye selimundu, kifafa vijijini, homa ya uti wa mgongo ya fangasi kwa wanaoishi na VVU: haya ni maswali ya Kanda ya Ziwa, na wa kuyajibu ni ninyi mnaowaona wagonjwa hawa kila asubuhi. Ila maombi mengi ya mara ya kwanza hufia njiani kabla mhakiki hajafungua hata ukurasa mmoja. Tunawaandikia wadogo zetu hawa. R21, ile ruzuku ya NIH ya utafiti wa awali, mnaijua, hatutarudi huko.

1. Anzia ofisini, malengo mahsusi yafuate

NIH haimpi mtu ruzuku. Inaipa taasisi, na wewe ni mtafiti mkuu uliyetajwa ndani yake. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, hakikisha taasisi yako ipo kwenye mifumo minne, kwa mpangilio huu: namba ya NCAGE (utambulisho wa NATO kwa taasisi za nje ya Marekani), usajili wa SAM.gov (rejesta ya serikali ya Marekani) unaotoa UEI, Grants.gov (lango la kutumia maombi), kisha eRA Commons (mfumo wa NIH wenyewe), ambako taasisi ina ofisa mwenye mamlaka ya kusaini na wewe una akaunti iliyounganishwa na taasisi hiyo. Taasisi iliyo nje ya Marekani haipati SAM bila NCAGE. Hakuna njia ya mkato.

Hapa lazima tukiri. Kosa hili tumelifanya sisi wenyewe, na ombi zima likalala. Tutalieleza kwa kirefu kwa sababu bado tunaona mnalirudia.

Linaanza hivi. Fomu ya NCAGE inajazwa na mtu wa uhasibu, anaandika jina fupi la taasisi na S.L.P. Miezi kadhaa baadaye mtu wa ofisi ya utafiti anajaza SAM, anaandika jina refu kama lilivyo kwenye hati ya usajili, na jina la mtaa. Kwa macho yetu hiyo ni taasisi moja. Kwa mfumo ni taasisi mbili tofauti, na usajili unasimama hapo hapo. SAM wanaomba hati: iwe na jina kamili la kisheria na anwani halisi ya jengo, na isiwe ya zamani kupita miaka mitano. S.L.P. haihesabiki kuwa anwani halisi. Hati iliyo kwa Kiswahili inatakiwa iambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Sasa tafuta hati ya namna hiyo hapa kwetu. Umeme ni wa LUKU, hakuna ankara. Ankara ya maji ipo, lakini imeandikwa S.L.P. ile ile. Cheti cha usajili kina jina sahihi, ila ni cha miaka mingi iliyopita. Unaanza kuzunguka: barua ya mtaa, anwani ya makazi yenye postikodi, mkataba wenye jina kamili. Kila hati unayopakia inakaa siku kadhaa, halafu inarudi na swali jipya. Na wengi hapa wanakimbilia kurekebisha SAM kwanza. Rekebisha NCAGE kwanza, jina na anwani vilingane herufi kwa herufi na cheti, ndipo urudi SAM. Ukianza na SAM, kazi yote unaifanya mara mbili.

Hiyo ni nusu ya kosa. Nusu ya pili ndiyo iliyotuua. Baada ya kusajiliwa, kila mtu alipumua akajua kazi imeisha. UEI ilikuwepo, ilionekana, na mtu akiuliza anapewa. UEI haiishi muda. *Usajili* ndio unaoisha, kila baada ya siku 365, na tarehe hiyo inapita kimyakimya kwa sababu barua pepe ya kukumbusha inakwenda kwa mtu mmoja aliyefungua akaunti. Mtu huyo alishaondoka kwenda masomoni, na msimbo wa kuingilia unatumwa kwenye namba ya simu aliyoiacha. Ombi likatumwa usajili ukiwa umelala, likakataliwa Grants.gov. Halikufika NIH kabisa, na hakuna rufaa ya jambo hilo.

Dawa yake ni karatasi moja ukutani ofisini: mifumo minne, tarehe ya kila usajili kuisha, na majina ya watu *wawili* wenye uwezo wa kuingia kila mfumo. Huisha SAM siku 60 kabla. NIH wanashauri kuanza usajili wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Taasisi ya hapa ianze wiki 12 kabla.

2. Saa

Tarehe za kawaida za R21 mpya ni 16 Februari, 16 Juni na 16 Oktoba. R01, ruzuku kubwa zaidi, ni tarehe 5 ya miezi hiyo hiyo. Mwisho ni saa 11 jioni kwa saa za mahali ilipo taasisi *inayoomba*. Ikiwa mwombaji ni taasisi yako, hiyo ni saa 11 jioni ya Mwanza, kabla jua halijazama ziwani. Wanaodhani ni saa za Washington hujikuta wamechelewa kwa saa saba au nane, na wana uhakika kabisa kwamba wamewahi.

Jambo ambalo halisemwi sana ni dawati la msaada la eRA. Linafunguliwa saa 1 asubuhi ya kwao. Februari hiyo ni saa 9 alasiri kwetu, Juni na Oktoba ni saa 8 mchana. Maana yake siku ya mwisho una saa mbili au tatu tu za kumpata mtu wa kukusaidia, na wakati huo kila mwombaji mwingine naye yuko kwenye foleni.

Ukishawasilisha, una siku mbili za kazi za kuliangalia ombi lilivyounganishwa kabla halijaendelea mbele. Onyo unaweza kuliacha, kosa lazima ulirekebishe. Lakini siku hizo mbili hazisogezi tarehe ya mwisho, kwa hiyo zina faida kwa aliyewahi tu. Na kwa mzunguko wa Oktoba, fungueni kalenda: tarehe 14 ni Siku ya Nyerere. Ofisa wa kusaini hayupo, mhasibu hayupo. Ombi la tarehe 16 liwe limetoka mikononi mwenu ifikapo tarehe 12.

Fedha za Ulaya zina saa zake. EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, hufunga saa 11 jioni ya Brussels, yaani saa 12 jioni kwetu majira yao ya joto na saa 1 usiku majira ya baridi, na taasisi inahitaji PIC, namba yake ya utambulisho kwa Umoja wa Ulaya, ya tarakimu 9. Huko peleka magonjwa ya maambukizi, pamoja na yale yanayoshambulia ubongo. Kiharusi cha shinikizo la damu si mahali pake.

3. Soma Sehemu ya III kabla ya kuipenda fursa

Tangazo la NIH lina sehemu inayotaja nani anastahili, na ndani yake kuna mstari unaosema kama taasisi za nje ya Marekani zinaruhusiwa kuomba, na mwingine kuhusu kuwa mshirika. Isomeni mistari hiyo kila mara, hata kama mwaka jana ilikuruhusu. Tarehe 1 Mei 2025 NIH walitangaza kwamba hawatatoa ruzuku zenye mafungu yanayopitia taasisi ya Marekani kwenda taasisi ya nje hadi utaratibu mpya uwepo. Miradi mingi ya hapa ilikuwa imejengwa kwa mtindo huo huo wa kuwa tawi la mtu mwingine. Ndiyo sababu tunawasukuma mjifunze kuomba kwa jina la taasisi yenu.

Kisha tafuta mlango sahihi. NIH ina taasisi na vituo 27, na swali moja linaweza kuwa la wawili. Kiharusi kwenye selimundu kinaweza kwenda NINDS (taasisi ya magonjwa ya mfumo wa fahamu na kiharusi) kwa sababu ni ubongo, au NHLBI (ya moyo, mapafu na damu) kwa sababu ni damu. Utafiti wa STOP wa 1998, ulioonyesha kwamba kuongezewa damu kunazuia kiharusi kwa watoto wenye kasi ya damu kubwa kwenye mishipa ya ubongo, ulilipiwa na NHLBI. Usibahatishe. Mwandikie ofisa programu, ambatanisha ukurasa wako mmoja wa malengo mahsusi, muulize kama unaingia kwenye vipaumbele vyao. Hawachoki kuulizwa, na jibu la "hapana" mwezi wa tatu linakuokolea miezi sita.

4. Bajeti, na kivuko kisichokuwepo

R21 ni miaka miwili, gharama za moja kwa moja zisizidi dola 275,000 kwa jumla na zisizidi dola 200,000 kwa mwaka wowote mmoja. Gharama za uendeshaji kwa taasisi ya nje ni asilimia 8, na mnazikosea kila msimu: vifaa vya thamani kubwa havimo kwenye hesabu hiyo. Ukiwa na dola 275,000 ambazo ndani yake mashine ya TCD (ultrasound ya kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo) ni dola 30,000, unapiga asilimia 8 ya 245,000, unapata 19,600. Si 22,000.

Muda wa watu unaandikwa kwa miezi. Asilimia 25 ya mwaka ni miezi 3.0, na jumla ya miradi yako yote pamoja na wodi haiwezi kupita 12. Daktari anayeshika zamu na kufundisha, akijiandikia miezi 9 bila barua ya mkuu wa idara, anajulikana mara moja kuwa hajapanga.

Msinakili bajeti za zamani. Tumekuta bajeti ya safari za Sengerema ambayo bado ina nauli ya gari kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi, mara mbili kwa wiki, miezi 24. Daraja lilifunguliwa Juni 2025. Mstari huo mmoja unamfanya mkaguzi asiamini mingine yote. Ukerewe kivuko bado kipo, na hapo weka na siku ya kulala, kwa sababu upepo ukichafuka hamrudi. Profoma ziwe za miezi ya karibuni na zionyeshe VAT ya asilimia 18 peke yake.

5. Idadi ya washiriki

Tuchukue utafiti ule wa watoto wenye selimundu. Mkitarajia asilimia 20 yao wana kasi ya damu isiyo ya kawaida kwenye mishipa ya ubongo na mnataka usahihi wa asilimia 5 juu na chini, mnahitaji watoto 246. Mkitarajia asilimia 10 watapotea, *gawanyeni* 246 kwa 0.9: ni 274. Wengi wenu mnaongeza asilimia 10 juu, mnapata 271, na mtakwimu wa jopo anaona kosa hapo hapo. Elezeni pia kipimo: sentimita 200 kwa sekunde na kuendelea ndiyo kasi isiyo ya kawaida, nani atapima, nani atarudia kusoma picha, na mtoto atakayekutwa na kasi hiyo atatibiwa na nani. Swali hili la mwisho msipolijibu, hata alama nzuri haiwasaidii. Na msipolijibu kwa sababu hamjalifikiria, msianze utafiti huo.

Tangu mizunguko ya Januari 2025, wahakiki wanatoa alama kwa mambo mawili: umuhimu wa utafiti, na uimara pamoja na uwezekano wa kufanyika. Utaalamu na mazingira wanaangalia kama vinatosha. Hapo msione haya kutaja mlipo. Jaribio la tiba ya magonjwa ya zinaa lililofanyika mkoani hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jamii 12, lilichapishwa 1995 likionyesha maambukizi mapya ya VVU kupungua kwa karibu asilimia 40, na dunia nzima ililisoma. Andikeni pia jenereta ina kilovati ngapi na friza ya nyuzi hasi 80 inadumu saa ngapi umeme ukikatika.

6. Vibali

NIH hawadai kibali cha maadili siku ya kuwasilisha. Watakiomba alama zikiwa nzuri, na hapo muda ni mfupi. Anza na kamati ya taasisi yako, kisha NatHREC (kamati ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya), na usisahau kwamba kibali kinahuishwa kila mwaka. Sampuli ikivuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli upite NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu). Dawa ikijaribiwa, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Mtafiti wa kigeni akija, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Na hiyo COSTECH msiione ya vibali tu: kupitia MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, inatoa fedha za serikali yetu, na ruzuku ndogo iliyofungwa vizuri, hesabu zikiwa safi, ndiyo inayomfanya mhakiki wa nje akuamini.

7. Mengine

Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 11, malengo mahsusi ukurasa mmoja, mkakati wa utafiti kurasa 6 kwa R21 na 12 kwa R01. Wasifu usikopiwe kutoka ombi la mwenzako.

Ukikataliwa, usiisome ripoti ya wahakiki siku hiyo. Isome baada ya siku tatu, na mtu mwingine mezani, kwa kalamu mbili: moja kwa yale wote waliosema, nyingine kwa lililosemwa na mmoja. Una miezi 37 tangu ombi la kwanza kulirudisha, na unapewa ukurasa mmoja wa utangulizi wa kuwajibu. Anza na yale ya kalamu ya kwanza. Na kabla hujaandika neno, ingia SAM uangalie usajili unaisha lini.