Mleta mada wa Uvinza, hilo shimo la mboji lifukie leo hii

Salamu utaipata siku nyingine. Nimesoma uzi wako kikombe cha chai kikiwa mkononi, mpaka namaliza chai imepoa na sukari imetulia chini.

Umeandika hivi, nanukuu: "Nina miembe 60 ya kupandikiza huku Uvinza, Apple na Kent, huu ni msimu wa pili kuzaa. Nimetundika mitego mitatu ya chupa na nzi wanajaa kweli. Maembe yanayoanguka natupa kwenye shimo la mboji pembeni ya shamba. Naomba kujua mitego mingapi inatosha, kama siki ya tufaa inafaa kama nilivyoona kwenye video, aina ipi ina soko Kigoma mjini, na kisima nichimbe upande gani wa shamba."

Maswali manne, na hakuna hata moja lililonitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni ile sentensi uliyoipitisha katikati kama vile si kitu. Wadau wamekuja hapa, mmoja kakupa bei za sokoni, mwingine kakusifia kwa kilimo hai, watu wakagonga laiki. Kuhusu shimo, kimya.

Mdogo wangu, hiyo si mboji. Hilo ni banda la mifugo, na mfugo wenyewe ni nzi wa embe. Wewe ndiye mfugaji, tena mfugaji hodari, kwa sababu unawalisha kwa ndoo.

Najua kwa kuwa nimefuga. Mimi ni mstaafu wa reli, shamba langu liko Uyui, si mbali na Tabora mjini. Kiinua mgongo changu chote nilikitia kwenye miembe 84. Mama watoto alitaka tujenge vyumba vya kupangisha Isevya, mimi nikasema miti haidaiwi kodi ya pango wala haikimbii usiku na kitasa. (Maneno haya bado ananikumbusha, hasa tukiwa na wageni.) Matokeo yake kiinua mgongo kikaniinamisha mgongo, na nitakwambia kilivyoniinamisha.

Msimu wa kwanza wa kuzaa vizuri, bwana mmoja wa duka la pembejeo, simtaji yeye wala duka lake, aliniuzia mitego ya chupa akaniambia: "Mzee, tundika hizi, ulale usingizi." Nikamuuliza yanayoanguka je? Akasema usipoteze kitu, chimba shimo, tia maembe, tia majani, mbolea siku hizi ghali. Hilo la mbolea kuwa ghali lilikuwa kweli, na uongo uliobaki ulipita mlango huohuo.

Nikachimba shimo la kina cha goti chini ya mwembe wa mwisho, mahali penye kivuli na udongo laini. Kila baada ya siku mbili tatu namwaga ndoo, nafunika kwa majani makavu. Nilijiona msomi. Kuna siku nilipasua moja kwa udadisi, nikakuta funza weupe wamejaa ndani ya nyama iliyogeuka uji. Ukimweka mmoja kiganjani anajikunja kama pete, kichwa kinashika mkia, halafu anajiachia na kuruka kama bisi kwenye kikaango. Nikawaita wajukuu waje waone. Nilifanya maonyesho, ndugu yangu, badala ya kukimbilia jembe.

Maana huko kuruka si mchezo. Huyo funza ameshiba, anatafuta udongo. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai humo. Siku moja mbili yanaanguliwa, funza wanakula ndani kwa ndani, embe linaanguka kabla ya wakati wake. Likishaanguka, funza wanatoka, wanazama kwenye udongo sentimita chache tu, wanajifungia kwenye kigamba cha rangi ya kahawia kinachofanana na punje ya ngano. Wiki moja na nusu au mbili baadaye kinapasuka, anatoka nzi. Sasa nieleze, ungekuwa wewe ni funza, ungeomba nini zaidi ya shimo lenye kivuli, chakula, unyevu na udongo uliolainishwa kwa jembe? Ile ilikuwa wodi ya wazazi, na mimi nilikuwa mkunga.

Nilikuja kushtuka mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi kama saa moja na nusu nikaenda na ndoo yangu kama kawaida. Nikaona ukingo wa shimo udongo unatikisika. Nikadhani ni mchwa. Nikachutama. Wanatoka nzi, mkuu. Weupeweupe, laini, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Wanapanda majani ya nyasi, wanatulia, mabawa yananyooka polepole, rangi inawaingia ukiwatazama: mistari miwili ya njano mgongoni, na mstari mweusi kama herufi T juu ya tumbo. Kila unyasi una wanne, watano. Na mimi nimesimama pale na ndoo ya maembe mengine, chakula cha watoto wao.

Wiki hiyohiyo dalali akaja na kenta kutoka Shinyanga. Tulishakubaliana bei kwa simu, matenga nimeshanunua, vijana wa kuchuma nimeshawapa chai. Akachukua embe, akalipasua. Akachukua la pili. La tatu akalipasua taratibu sana, kama mtu anayefungua barua ya msiba. Akafuta kisu kwenye suruali akaniambia, "Mzee wangu, hapa umelima au umefuga?" Akapanda gari. Kenta iliondoka tupu, na kwa jinsi lilivyokuwa tupu lilirukaruka kwenye mashimo ya barabara mpaka likapotea. Matenga yale mpaka leo kuku wanatagia. Ndiyo faida pekee niliyoipata msimu ule, mayai.

Utasema, mzee, si ulikuwa na mitego? Nilikuwa nayo! Ndiyo iliyonipumbaza. Ile harufu iliyo kwenye chupa, methili ujenoli, inavuta madume peke yake. Fungua chupa yako uchunguze, utakuta madume matupu. Jike anayetoboa embe hana habari nayo. Na madume wachache wakibaki wanatosha kuwapanda majike wengi, hawana mahari hao. Sasa mimi nilikuwa nahesabu nzi kila Jumamosi, naandika kwenye daftari la zamani la kazini: wiki hii arobaini, wiki ijayo tisini, wiki ya nne mia mbili na kitu. Nafurahi! Nasoma kama magoli ya Simba na Yanga. Kumbe hesabu ikipanda maana yake nzi wanaongezeka shambani, daftari linapiga yowe, na mimi nashangilia. Wewe nawe umeandika "nzi wanajaa kweli" kwa furaha ileile. Nimeitambua.

Mitego mitatu kwa miembe 60 ni mingi hata, kama kazi ni kuhesabu, na kazi yake kubwa ni hiyo. Itundike kivulini kwenye matawi, urefu wa mtu mzima, paka grisi kwenye waya la sivyo sisimizi watakula maiti na hesabu yako itakuwa ya uongo. Ukiona idadi inapanda, usichekelee, angalia chini ya miti.

Na yule bwana wa duka sijamaliza naye. Aliniuzia harufu za aina mbili. Moja akasema ni ya Bactrocera invadens, nyingine ya Bactrocera dorsalis, hii ya pili bei juu kwa sababu "huyu ndiye mkali". Nikalipa. Baadaye nikaja kuelewa kwamba ni nzi mmoja. Alipoonekana Kenya mwaka 2003, na huku kwetu mwaka huohuo, wataalamu walidhani ni mgeni asiyejulikana, mwaka 2005 wakampa jina la invadens. Mwaka 2015 wakasahihisha, ni yuleyule dorsalis wa Asia. Yaani nilikata tiketi mbili za kiti kimoja, behewa moja, treni moja. Mimi, mtu wa reli.

Siki ya tufaa achana nayo. Video hizo zinamhusu nzi mwingine, Drosophila suzukii, kadogo kama wale wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Huyo ni adui wa stroberi na matunda laini ya namna hiyo, Marekani na Ulaya walianza kuhangaika naye mwaka 2008. Jike lake lina msumeno wa kutagia, linachana tunda ambalo bado zima, na kweli huvutwa na siki na vitu vilivyochacha. Wa kwetu hapa ni suala jingine. Siki yako tia kwenye kachumbari.

Sasa kanuni, na ninayo moja tu: embe lililoanguka halilali chini. Lililoanguka usiku linaokotwa asubuhi. Ijumaa, Jumapili, siku ya harusi ya dada yako, linaokotwa. Hata lile linaloonekana zima, hata lile unalosema "hili nitalila baadaye". Mimi nawalipa watoto wa jirani kwa ndoo, na wameshanizidi ujanja, wanatikisa matawi ndoo ijae haraka. Nimewavumilia, ni hasara ndogo kuliko ile ya kenta.

Ukishaokota, kuna njia mbili. Shimo, lakini shimo la kweli: juu ya maembe kuwe na udongo usiopungua nusu mita, umeshindiliwa kwa miguu. Goti halitoshi. Nzi mchanga ana nguvu ya kupenya udongo laini kuliko unavyomdhania. Au nailoni nyeusi iliyofungwa vizuri, ikae juani wiki moja mbili, joto liwamalize humohumo. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mimi natumia karatasi la nailoni zito la dukani, nakunja kama sambusa, kingo nakandamiza kwa udongo. Mwenye nguruwe anaweza kuwapa siku hiyohiyo. Mimi sina, na mtaani kwetu nikifuga nitahamishwa.

Dawa? Ipo ya maana, ila usianzie huko. Jike akitoka ardhini hatagi palepale, anahitaji kula protini siku kadhaa mayai yakomae. Ndipo chambo cha protini kilichochanganywa na spinosadi, sumu ya kuua wadudu, kinapofanya kazi: unapuliza mahali pamoja tu kwenye majani ya kila mti, pana kama msala wa kuswalia, kila wiki, kuanzia maembe yakiwa bado machanga mpaka unamaliza kuchuma. Usifanye nilichofanya mimi baada ya kenta kuondoka, kwa hasira nikabeba bomba nikaogesha miti yote sumu kuanzia kileleni. Niliua maji moto wote, wale chungu wanaoshona majani, ambao kumbe walikuwa wananisaidia bure: nzi wanawaogopa, hawatulii kutaga kwenye mwembe wenye maji moto. Jirani yangu ana mizinga ya nyuki, naye aliniletea maneno ambayo hapa wasimamizi wangeyafuta. Halafu chambo bila kuokota ni kupiga deki bomba likiwa wazi. Na mapera pia, kama unayo uani, yahesabu kama maembe, nzi huyu hachagui.

Ulikuwa na maswali mengine mawili, nimeshayasahau, na kurudi juu kuyasoma sirudi kwa sababu nitaliona tena neno "mboji" presha ipande.

Kuhusu hilo shimo ulilonalo sasa hivi: usilifukue kuangalia kama kweli wamo. Wamo. Shindilia udongo juu yake nusu mita, halafu tandaza turubai la nailoni lizidi kingo za shimo pande zote, weka mawe kuzunguka bila kuacha upenyo, liache wiki tatu. Wale waliokwisha kuzama karibu na ukingo watatoka tu. Kesho kutwa asubuhi, kabla jua halijapanda, nenda uchutame uweke sikio karibu na turubai. Utasikia wanavyogonga kwa ndani, kama manyunyu ya mvua.